Choo cha Baba Mkwe

Kamunyonge, Musoma
3 Machi 2024

Mama Dorah,

Simu yako inaita mpaka yenyewe inachoka, kwa hiyo nimeshika kalamu. Barua hii nimempa Bernado, jirani yetu, maana kila wiki anapeleka dagaa gulio la Butiama na kupitia huko kwenu Nyamuswa. Nimemwambia akukabidhi wewe mkononi. Akimpa mama yako, ataisoma kwanza kisha akusimulie anavyotaka yeye.

Uliondoka ukisema unakwenda kumsaidia mama palizi ya pamba, wiki mbili tu. Wiki mbili zimekwisha, na kwa jinsi ninavyolijua lile shamba, mbuzi mmoja mwenye njaa angekuwa amelimaliza. Niambie ukweli. Umekasirika?

Najua uliumia siku ile Afisa Afya, yule dada Judith, alipokuja na watu wake kuziba vyoo vilivyo kando ya mtaro. Ulisimama mlangoni, Dorah amekushika kitenge, ukaangalia wakimwaga kifusi na zege kwenye choo cha Baba. Karibu kila nyumba ya mstari wetu ilizibiwa choo kimoja, lakini aliyechekwa ni mimi, kwa kuwa mimi ndiye katibu wa kamati ya mtaro. Bernado akapaza sauti mbele ya watu: "Mganga hajigangi!"

Lakini ungetaka nifanye nini? Wewe mwenyewe ulilala hospitali na Dorah mwezi wa kwanza, mtoto anaharisha mpaka macho yanaingia ndani. Sababu tulikuwa tunaijua sote. Mvua ikianza tu, mtu anazunguka nyuma ya choo chake, anaondoa jiwe, uchafu wote unakwenda na maji. Mtaro unaupokea, ziwa linaupokea, na asubuhi sisi tunakwenda kuchota palepale. Kutapisha choo, ndivyo tunavyosema, utadhani choo ni mgonjwa tunayemwonea huruma. Baba naye alikuwa anaondoa jiwe lake kama wenzake. Kule Bukima alikozoea, udongo unameza na mvua inafagia, hakuna anayedhurika. Hapa Kamunyonge chini ni mwamba mtupu. Shimo lake lilikuwa la magoti tu, lingekaa na nini?

Kama unamlaumu Baba kwa ugonjwa wa mtoto, sema. Nimekwisha kuzungumza naye, ameelewa. Nimemwambia sasa atumie choo chetu, sisi ni watu wa mjini, mambo ya kale yabaki Bukima. Akajibu, "Sawa."

Nyumba imekuwa kubwa tangu uondoke. Jana nimesonga ugali mwenyewe. Baba aliula, halafu akasema, "Mama Dorah alikuwaga anapunguza moto kwanza." Hiyo ndiyo namna yake ya kusema amekukumbuka. Mimi sijui kuzungukazunguka. Nimekukumbuka, na sipendi nilivyo bila wewe.

Mumeo,
Boniphace


Nyamuswa, Bunda
11 Machi 2024

Baba Dorah,

Barua yako imefika ikinuka dagaa. Niliinusa kabla ya kuisoma, Dorah akanicheka mpaka akakaa chini. Hajui kwamba huku hakuna harufu ya ziwa hata kidogo, ni pamba na ng'ombe na vumbi la barabarani mpaka mvua ije.

Shamba la mama yangu usilitukane. Ndilo lililokulisha ulipokuja kuposa, ukaongeza sahani mara tatu, shangazi zangu wakaulizana kama kwenu kuna njaa. Goti la mama bado linamsumbua na palizi haijaisha. Ndiyo hivyo.

Simlaumu Baba. Naomba hilo liondoke kichwani mwako leo hii. Dorah alipolazwa, ni nani aliyekuja kila asubuhi na uji kwenye chupa? Alisimama nje ya wodi, akampa nesi auingize ndani, yeye mwenyewe hakukanyaga, kwa kuwa alijua nimelala na kitenge kimoja na si vizuri anikute hivyo. Baba yangu mzazi sikumjua, alifariki nikiwa mgongoni. Kama angekuwepo, sidhani kama angenifanyia zaidi ya hapo.

Simu naiacha iite kwa sababu nikisikia sauti yako nitapanda gari siku hiyohiyo. Basi acha niandike, kwenye karatasi ninakuwa na nguvu kidogo.

Ugali wa Baba usiwe mgumu, meno yake ya upande wa kulia hayafanyi kazi, ila hatakuambia. Ukipata samaki wabichi, wale furu wadogo, mchemshie na nyanya, usikaange. Koti lake jeusi limeachia mshono kwapani, lipeleke kwa fundi.

Kuna jambo moja nataka kulijua, nawe unijibu bila kuniuliza kwa nini. Baba bado anatoka alfajiri?

Mkeo,
Nyamburi


Kamunyonge
22 Machi 2024

Mama Dorah,

Mimi nauliza mke wangu anarudi lini, naulizwa baba yangu anaamka saa ngapi! Haya, nakujibu. Hapana, hatoki tena. Zile alfajiri alizokuwa anatoka nilidhani anakwenda kuangalia mitumbwi ikirudi. Siku hizi analala mpaka jua linachomoza, anaamka anapiga mluzi. Na choo chetu anatumia bila shida yoyote. Tangu uondoke ukaidi umemwisha. Nilijua tu ni suala la muda.

Kazi ya mtaro inakwenda. Pale mtaro unapokaribia ziwa nimechomelea chujio kwa rimu mbovu za pikipiki, linashika chupa, nepi, mifuko na mabaki yote yanayotoka sokoni. Vijana wa kamati wanalisafisha kila Jumamosi na wanalalamika kila Jumamosi. Oili chafu ya gereji yangu simwagi tena, nina pipa. Wateja wananiambia nimekuwa mlokole wa mazingira.

Hata hivyo mvua ya wiki iliyopita imetuaibisha. Mtaro ulinuka vilevile. Kuna watu wamebomoa zege la Judith kimyakimya, wamerudia kutapisha. Tumezungumza, tumebandika matangazo, tumetishia faini, watu wanaitikia "ndiyo" na mvua ikinyesha wanaondoa jiwe. Judith amekasirika. Amesema ataitisha mkutano wa mtaa mzima na kusoma taarifa yake hadharani, na katika taarifa hiyo ameandika kwamba sisi wananchi tuna uelewa mdogo. Sikumpinga. Mimi mwenyewe siwaelewi.

Sasa turudi kwetu. Pale gereji wananiuliza mke amekwenda wapi, nawajibu pamba. Wanacheka, wanasema pamba gani inayopaliliwa mpaka Pasaka? Nacheka nao, kisha narudi nyumbani nakaa kitandani bila kuvua viatu. Mama Dorah, mimi si mtoto. Kama huko kuna mtu mwingine, niambie wewe mwenyewe kabla sijaambiwa na Bernado.

Ijumaa Kuu nakuja. Nitakachokikuta nitakikuta.

Boniphace


Nyamuswa
Alhamisi Kuu, 28 Machi 2024

Baba Dorah,

Bernado anaondoka sasa hivi na nimemlipia soda ili barua hii ikufikie leo kabla hujapanda gari. Usije. Soma kwanza mpaka mwisho.

Pale ulipoandika kwamba Baba analala mpaka jua linachomoza, nilipasoma nikafurahi, halafu nikalia. Nilitaka jambo hili nife nalo, maana mwanamke hasemi habari kama hizi za baba mkwe wake, hata kwa mumewe. Lakini umeanza kuniwazia mtu mwingine, basi nasema, na ukishasoma uichome.

Tangu choo chake kizibwe mpaka siku niliyoondoka, Baba hakuingia choo chetu hata mara moja. Ulimwambia atumie, akakujibu sawa, wewe ukaenda zako gereji ukaona yamekwisha. Mimi ni mke wa mwanawe. Aingieje mahali ninapoingia mimi? Tupishane mlangoni, yeye anatoka na mimi nimeshika kopo? Kwetu Ikizu haiwezekani, kwenu Majita haiwezekani. Unasema mambo ya kale yabaki Bukima. Mdomoni yanabaki, Baba Dorah, mwilini mtu anahama nayo. Hata choo chake kile cha mtaroni, unafikiri kwa nini alikijenga alipohamia kwetu, wakati choo chetu kilikuwepo?

Alfajiri moja mvua ilikuwa inanyesha, nikafungua mlango nitoe ndoo. Nikamwona anashuka kwenye yale mawe ya ziwani, kopo amelificha ndani ya koti. Mzee wa watu, na miaka yake yote, kwenye mawe yaliyolowa. Akateleza. Alikaa palepale chini ameshika goti, mvua inampiga. Moyo ulinituma nikimbie. Lakini ningekimbia angejua nimemwona, na hilo lingemwumiza kuliko goti. Nikarudi ndani, nikafunga mlango taratibu. Asubuhi alisema ameanguka akifukuza mbwa wa jirani. Nikamwambia pole Baba, nikamchemshia maji ya kukanda nikayaweka nje ya mlango wake.

Siku hiyo ndiyo niliyokuambia goti la mama yangu linauma. Nadhani goti lilinijia mdomoni kwa sababu lilikuwa akilini.

Mimi nikiwepo nyumbani, yule mzee hana choo. Nisipokuwepo, anacho, na wewe umenithibitishia. Huku hakuna mtu mwingine, kuna mama yangu na ng'ombe wawili, mmoja mkorofi. Nikisikia pikipiki barabarani injini inagonga, nasimama katikati ya shamba, nawaza wewe ungejua inaumwa nini. Nakutaka, Boniphace. Ukija Pasaka nitakufuata, sina ubishi wa kukukatalia uso kwa uso. Na nikikufuata, yeye atarudi kwenye mawe.

Nyamburi


Kamunyonge
22 Aprili 2024

Mke wangu,

Sikuichoma. Na nilichokifanya ni kibaya kuliko kutoichoma, utakisoma sasa hivi.

Kwanza nisamehe kwa lile la mtu mwingine. Nilikaa na barua yako Pasaka nzima, Baba upande wa pili wa ukuta anasikiliza redio, nami nikashindwa hata kumtazama. Jumatatu nilichukua mtarimbo nikaanza kuchimba choo cha pili nyuma ya jiko. Mtarimbo ulipinda. Nikaenda kwa Judith kuomba choo cha kuinuliwa chenye tangi. Akaniuliza gari la majitaka litapita wapi kuja kulinyonya, katikati ya yale majabali? Akaniambia nivute subira.

Kisha ikaja mvua kubwa, mtaro ukanuka mpaka kanisani, na mkutano ukaitishwa. Kiwanja cha kanisa kilijaa. Judith akasoma taarifa yake. Uelewa mdogo, akasema. Uchafu, akasema. Watu wameinamisha vichwa, kila mmoja anachora chini kwa kijiti. Sijui nini kilinipata, Mama Dorah, nilisimama. Nikasema baba yangu si mchafu. Nikasema alijenga kile choo kando ya mtaro kwa sababu ya kumheshimu mke wangu, na mlipokiziba, mke wangu aliondoka nyumbani kwa sababu ya kumheshimu baba yangu, na mimi nimebaki na choo kizuri kisicho na kosa, sina mke. Nilisema hivyo mbele ya mtaa mzima.

Akasimama Wankyo, yule mama mjane wa nyumba ya tatu anayekaa kwa binti yake. Unamjua asivyo na breki. Akasema, "Mimi mkwe wangu ni kijana mzuri, ananiheshimu. Mnatakaga nipishane naye mlangoni najifunga kitenge? Hivi vyoo mnavyoita uchafu, hiyo ni heshima yetu. Mmeziba heshima, sasa mnashangaa tunabomoa!"

Watu walicheka, halafu kicheko kikakatika chenyewe. Judith akauliza, taratibu kabisa, ni nani mwingine aliyezibiwa choo kilichokuwa cha mkwe. Mikono ikaanza kunyanyuka, mmoja mmoja, mpaka karibu mstari mzima ukawa juu. Miezi yote ile ya kamati, matangazo, faini, hakuna aliyewahi kuuliza vyoo viwili ni vya nini! Judith akafunga faili lake. Akasema, "Na mimi mama yake mume wangu anakaa kwangu. Mume wangu amekwisha kumwambia mama yangu mzazi asije kukaa, maana hatuna pa kuchimba choo cha pili. Sikuwahi kuunganisha mambo haya." Akacheka mwenyewe, nasi tukapata ruhusa ya kucheka.

Na dawa ikatoka kwa Wankyo huyohuyo. "Baba yake Boniphace, Mzee Bwire, aje choo cha kwetu, mimi nitaenda cha kwao. Kule sina mkwe, na yeye kwetu hana mkwe. Shida iko wapi?" Yaani tubadilishane wazee! Mwenyekiti wa mtaa alianza kupanga nyumba palepale, wewe na huyu, huyu na yule, utadhani anapanga ndoa. Judith ameandika ombi la matangi ya pamoja kwa pale gari linapoweza kufika, lakini amesema wakati tunasubiri, utaratibu huu ameukubali. Mvua imenyesha mara kadhaa tangu hapo. Mtaro unapitisha maji ya udongo tu. Nimesimama pale kwenye chujio nikayaangalia, na nikatamani ungekuwa umesimama na mimi.

Sasa ubaya. Baba alikuwa pale mkutanoni. Alikaa nyuma ya watu, sikumwona. Niliporudi nyumbani kitanda chake kimetandikwa, koti halipo, redio haipo, jembe halipo. Amerudi Bukima.

Nilimfuata Jumapili. Yuko kwenye nyumba yetu ya zamani, bati linavuja, anapika mwenyewe. Alinipa kiti, akanipa uji. Nilimwomba msamaha, akaniambia ninywe uji. Wankyo alikuwa amechongesha ufunguo wa pili wa choo chao ili mzee asiwe anabisha hodi kuuomba. Nilimpa, akaurudisha mfukoni mwangu. Akasema tu, "Mwambie mama Dorah nyumba yake iko wazi."

Basi choo kipo, watu ndio hawapo. Ufunguo wa Wankyo nimeufunga ndani ya barua hii. Sijui kwa nini nakupa wewe. Labda kwa kuwa mimi nimeshindwa.

Boniphace


Nyamuswa
26 Aprili 2024

Baba,

Shikamoo. Dorah anakusalimu, ameng'oka jino la mbele, anataka ujue.

Sijawahi kukuandikia wala sijui kama inafaa. Lakini karatasi haina macho, sitakuona ukisoma wala hutaniona nikiandika. Naomba urudi Kamunyonge. Mwanao alisema vile kwa uchungu, hakutaka kukuvunjia heshima. Kama kuna wa kulaumiwa ni mimi niliyeandika yale.

Bati la Bukima linavuja na wewe kifua chako nakijua. Nani anakuchemshia maji? Mimi sirudi mjini mpaka nisikie umerudi. Nikae kwenye nyumba iliyokufukuza wewe, nitapika nimpe nani?

Mkweo,
Nyamburi


Bukima
3 Mei 2024

Mama Dorah,

Marahaba. Barua imefika, ameileta kijana wa kanisani. Mimi kuandika nilijifunzaga ukubwani, kisomo cha jioni, kwa hiyo vumilia mwandiko. Mwambie mjukuu jino alitupe juu ya bati, lingine litakuja.

Unasema karatasi haina macho. Basi na mimi nitasema, lakini lile jambo lenyewe sitalitaja, wewe utaelewa.

Siku ile ya mvua nilikuona. Nilikuwa chini pale, nikainua kichwa, nikaona mlango wetu unafungwa polepole, bila kishindo. Nikasema moyoni, huyu mtoto ameniona na ameamua hajaniona. Mama yake Boniphace, Mungu amrehemu, ndiye peke yake angenifanyia hivyo. Halafu ukaaga kwenda pamba. Boni aliamini. Mimi nilijua pamba ni mimi.

Na bado nilikaa! Nililala mpaka jua likatoka, nikapiga na mluzi. Kila siku nikajiona mwizi. Natumia raha ambayo mtoto wa mwenzangu amehama nyumba yake ili niipate, na mwanangu upande wa pili anageuka geuka kitandani. Mzigo nilikuwa nimefunga kabla ya mkutano. Nilikwenda mkutanoni kuaga majirani tu. Boni anafikiri alinikasirisha. Hakunikasirisha, alisema vizuri sana, hata mimi sikujua ana maneno. Usimwambie, kichwa kitavimba.

Nisikilize, mama. Nenda kwako. Mtoto anahitaji baba, na yule mwanaume anaunguza ugali. Mimi Bukima ni kwetu, udongo ni laini, ziwa liko karibu, sina tatizo. Ukishafika mjini nitakuja kuwaona Krismasi. Nataka nisikie umefika.

Nakukumbuka kuliko inavyofaa mzee kusema.

Baba yako,
Bwire


Bukima
8 Mei 2024

Baba Dorah,

Usiende Nyamuswa, hutanikuta. Niko Bukima na Dorah tangu juzi. Mama yangu amesema niondoke, goti halijawahi kumuuma na amechoka kudanganya watu. Simu ninayo na ina chaji, lakini haya siwezi kuyasema kwa mdomo, kwa hiyo nampa dereva wa gari la asubuhi.

Nilimkuta Baba juu ya nyumba anaziba bati kwa lami. Akashuka, akambeba Dorah, akakagua lile pengo la jino. Mimi alinisalimia ameangalia ziwa, kama ilivyo desturi. Hakuuliza nimekuja kwa nini. Nikaingia jikoni, nikapika furu wa kuchemsha. Alikula wote, akamtuma Dorah aniambie chumvi iko sawa.

Ule ufunguo wa Wankyo niliuweka juu ya meza pembeni ya redio. Jioni haukuwepo. Leo nimeona kamba shingoni mwake, uko pamoja na rozari.

Jana asubuhi nilisikia jembe. Choo cha hapa ni kimoja, nami usiku ule nilikwenda kwa jirani bila kusema, nikidhani hakuna aliyejua. Nikachungulia dirishani. Kule nyuma ya migomba, mbali na choo chake, Baba alikuwa anachimba. Dorah akamuuliza, "Babu, hilo shimo la nani?" Akamjibu, "La mama yako. Nenda ukamwambie asiangalie huku."

Nikageuka. Nikakaa kizingitini nimempa kisogo, kama inavyotakiwa, nikalia mpaka kitenge kikalowa. Nikamtuma Dorah amwambie kwamba sisi ni watatu, na ama tunarudi mjini wote watatu, ama tunabaki hapa wote na wewe uhamishie gereji huku. Jembe lilinyamaza. Kisha Dorah akarudi akikimbia, akasema, "Babu anasema baba aje Jumamosi, na aje na gari lenye nafasi ya kuku."

Na jembe likaanza tena. Limeanza tena leo, tangu alfajiri, sasa yumo shimoni mpaka kifuani. Dorah amemuuliza kwa nini anaendelea kuchimba na sisi tunaondoka. Akasema choo cha mkwe hakiachwi nusu.

Njoo Jumamosi. Usije mapema, hajamaliza, na hataki kusaidiwa.

Mkeo,
Nyamburi